Jinsi nilivyozuia matofali ya LEGO yasigeuke manjano

Matofali meupe ya LEGO ya mwanangu, yale ya plastiki ya kuchezea yanayopachikana, yaligeuka manjano upande mmoja tu, ule unaotazama dirisha. Ukichomoa tofali moja, pale lilipofunikwa na jirani yake bado ni jeupe pe. Basi mharibifu ni mwanga. Tunakaa Raskazone, Tanga, na jua la asubuhi linaingia sebuleni lote.

LEGO hutengenezwa kwa plastiki ya ABS tangu 1963. Ndani yake mna chembe za mpira, na hizo ndizo hushambuliwa kwanza na miale ya urujuanimno (miale ya jua isiyoonekana kwa macho, UV) ikishirikiana na oksijeni. Joto huchochea zaidi. Kioo cha kawaida huzuia sehemu tu ya miale hiyo, kwa hiyo kabati la vioo halitoshi, ingawa wengi huliamini.

Nilimwita fundi wa tinti za magari, akabandika dirishani tinti angavu inayozuia urujuanimno. Kabati nikalihamishia ukuta usiopigwa na jua, taa ya tyubu nikaweka ya LED. Matofali mapya yangali meupe. Yale ya manjano nimeyaacha: haidrojeni peroksaidi, dawa ya kupaushia, huyarudishia weupe, ila umanjano huweza kurudi na plastiki ikadhoofika, nami sitaki yavunjike mikononi mwa mtoto.