Fyuzi ya plastiki inayojirudisha: usisome ampea peke yake

Kile kidude cha njano cha duara chenye miguu miwili, kinachofanana na kapasita, mara nyingi ni polifyuzi, yaani fyuzi ya plastiki inayokata mkondo ukizidi na kujirudisha ikipoa. Lakini varista, kidude cha kukinga volti zinazoruka, nayo hufanana nayo sana, kwa hiyo pima kabla ya kulehemu. Polifyuzi nzima husoma ohm chache au chini ya moja, varista nzima husoma kama waya uliokatika. Polifyuzi hukaa kwenye njia ya chanya ili mkondo wote upite ndani yake, varista hukaa kati ya chanya na hasi. Ukizibadilishana, polifyuzi inapiga shoti na varista inazima mzigo.

Ndani kuna polithini iliyochanganywa na masizi ya kaboni. Ikiwa baridi, chembe za kaboni hugusana na umeme hupita. Mkondo ukizidi, plastiki hupata moto. Ikikaribia nyuzi 125 za Selsiasi huvimba, chembe huachana, na ukinzani hupanda mara maelfu.

Chukua MF-R050, modeli moja ya polifyuzi inayopatikana kirahisi. Inabeba ampea 0.5 bila kukata na inakata kwa ampea 1. Katikati hapo hakuna ahadi: kwa 0.7 inaweza kukata au isikate kabisa. Hata kwa ampea 2.5 inaruhusiwa kuchukua hadi sekunde 4, muda unaotosha kabisa kuua transista. Kwa hiyo inalinda waya, mota na transfoma ndogo. Usiitegemee kuokoa chipu.

Ampea hizo 0.5 ni za nyuzi 23. Ndani ya boksi lililofungwa chini ya paa la bati, kwenye nyuzi 60, zinabaki karibu 0.32. Taa iliyowaka vizuri usiku itaanza kuzimika saa nane mchana, na fundi atabadilisha betri bure. Kanuni yangu: pima mkondo wa kawaida wa mzigo, kisha angalia jedwali la joto kwenye karatasi ya mtengenezaji, mstari wa joto la ndani ya boksi. Ampea zilizochapwa kwenye kidude zije baadaye.

Volti nazo zina ukomo. MF-R050 inavumilia 60, lakini MF-R110 ya familia hiyohiyo ni 30 tu. Ukipitisha hapo, ikikata inaweza kuungua kabisa. Usiiweke kwenye umeme wa ukutani wa volti 230; zipo za kazi hiyo, ila ni aina nyingine.

Kuijaribu ni rahisi: betri ya volti 12, polifyuzi, na balbu ya breki ya wati 21. Balbu inawaka, baada ya muda mfupi inafifia, inazimika. Usiguse kidude, kinaunguza. Hapo bado kinapitisha kama miliampea 60, kwa hiyo kukata kwake si sawa na kuzima swichi. Ukitaka kushika waya, toa betri. Na balbu ikiendelea kuunganishwa, fyuzi haitajirudisha. Tenganisha, subiri ipoe dakika moja au mbili.

Ikirudi, hairudi kama mpya. Saa moja baada ya kukata, MF-R050 inaweza kufika ohm 1.17, na kwa nusu ampea hiyo ni karibu volti 0.6 zinazopotea. Kwenye volti 12 huoni kitu, kwenye 5 ni balaa. Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) za mwanzo, 2012, zilikuwa na polifyuzi za miliampea 140 kwenye milango ya USB. Vifaa vilikosa volti za kutosha, watu wakaziruka kwa kipande cha waya, na matoleo yaliyofuata yakaziondoa.

Wakati wa kufunga, acha nafasi pembeni. Ukiimwagia gundi ngumu au kuibana na sinki ya joto (bamba la chuma la kupooza), plastiki haipati pa kuvimba au haipati moto wa kutosha, na siku ya shoti haikati.