Sanduku langu la chuo lilijaa wiki tatu kabla ya kukabidhi tasnifu

Habari nilizipata WhatsApp, tena kutoka kwa msimamizi wangu wa utafiti, mtu ambaye mambo ya kazi huwa hayapeleki huko kabisa. "Nimekutumia maoni ya sura ya nne mara mbili, yanarudi. Umeifunga barua pepe yako?" Chini yake aliweka picha ya skrini. Nikamjibu, "Shikamoo Daktari. Hapana, naangalia sasa hivi," kisha nikaikuza ile picha hadi nikaziona namba: 552, halafu 5.2.2.

Namba hizo zina maana, na nilijilaumu kwa kutoijua mapema. Barua ikirudi na 5.2.2, sanduku la anayeandikiwa limejaa. Ikirudi na 5.1.1, anwani yenyewe haipo. Ubaya ni kwamba namba anaiona aliyetuma, siyo wewe uliyejaza. Mimi kwangu naliona sanduku limetulia, nikadhani watu wamepumzika kuniandikia. Onyo lilikuwepo, sitadanganya. Lilikaa juu ya skrini wiki kadhaa nami nikawa nalifuta kwa kidole kila asubuhi kama mtu anayefuta vumbi.

Kikomo chetu kilikuwa gigabaiti 5 kwa mwanafunzi, barua na mafaili kwa pamoja. Nilikasirika sana usiku ule, maana nilipoingia mwaka wa kwanza tuliambiwa nafasi haina mwisho. Baadaye ndipo nilipoielewa hesabu. Mfumo wa chuo chetu ni ule wa Google, na zamani vyuo vilipewa hifadhi bila kikomo. Mwaka 2021 Google ikatangaza kwamba kila taasisi itapata terabaiti 100 za kugawana watu wake wote, na kuanzia Julai 2022 utaratibu huo ukawabana hata vyuo vilivyokuwemo tayari. Chukua chuo chenye akaunti 20,000, gawanya. Kila mmoja anabaki na gigabaiti 5. Na katika hizo akaunti wamo waliohitimu miaka mitano iliyopita ambao hawajaingia tena. Kwa hiyo chuo kina mambo mawili tu ya kufanya: kuwawekea wanafunzi vikomo na kuwafungia waliohitimu. Yote mawili yalinikuta mwaka mmoja.

Usiku wa kwanza niliupoteza. Nilikaa nikifuta matangazo: ratiba za mitihani ya miaka iliyopita, mialiko ya semina, aliyepoteza kitambulisho, aliyeokota miwani. Nilifuta barua 3,000 na ushei hadi kidole kikauma, nikaenda kutazama nafasi. Haikuongezeka hata megabaiti 150. Tena ilinibidi kwanza nimwage pipa la taka, kwa sababu barua iliyofutwa hukaa humo siku 30 na wakati wote huo inaendelea kuhesabiwa. Nililimwaga. Huo umwagaji nitaurudia, maana ndio ulioniponza.

Asubuhi nikaenda ofisi ya TEHAMA. Kaka niliyemkuta alinisikiliza huku akinywa chai, hakushangaa hata kidogo. Akaniambia, "Ndugu yangu, unahesabu barua. Pima uzito." Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi neno moja la kuweka kwenye kisanduku cha kutafutia: larger:10M. Yaani nionyeshe kila barua inayozidi megabaiti 10.

Zilitokea barua 131. Zilikuwa zimekula karibu gigabaiti 3.

Na karibu zote nilikuwa nimejiandikia mwenyewe. Miaka miwili nzima nilikuwa nikimaliza kuandika usiku, ninajitumia tasnifu kwa barua pepe ili kompyuta ikifa nisife nayo. Mada ya barua: nukta. Ujumbe: nukta. Kiambatisho: megabaiti 18, kwa kuwa ndani kulikuwa na picha za maabara ambazo sikuwahi kuzipunguza ukubwa. Nukta zimepangana ukurasa baada ya ukurasa, tarehe baada ya tarehe, siku nyingine mbili kwa usiku mmoja.

Kuna jambo jingine alilonieleza yule kaka ambalo sikulijua. Faili likisafiri kwa barua pepe halisafiri lilivyo. Mfumo wa barua ulibuniwa kubeba maandishi, hivyo kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi kwanza, na kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. Faili la megabaiti 18 linafika likiwa na uzito wa 24 hivi. Ndiyo maana mfumo wa barua wenye kikomo cha megabaiti 25 kwa barua nzima unaweza kuupa faili la 20 ukalikataa na wewe ukabaki unabishana nao. Na kila unapoisambaza barua kwa mtu mwingine, kiambatisho kinabebwa upya. Barua pepe kuifanya ghala la tasnifu ni sawa na kuhifadhi mahindi kwenye bahasha.

Nikarudi chumbani na karatasi yangu kama mtu aliyepewa dawa. Nikatafuta, nikachagua zote 131, nikafuta, nikamwaga pipa. Nafasi ikafunguka, nikamwandikia Daktari kwamba sasa anaweza kutuma. Akatuma, ikafika. Nikalala.

Kesho yake nikatafuta maoni yake ya sura ya pili, yale ya mwaka uliotangulia ambayo alikuwa ameniagiza nilinganishe na sura ya nne. Hayapo. Nikatafuta kwa jina lake, kwa tarehe, kwa neno nililolikumbuka. Hayapo. Ikanichukua muda kuelewa nilichokifanya. Gmail huzifunga barua pamoja kama mazungumzo: rasimu niliyomtumia, majibu yake, swali langu, jibu lake la pili, zote mstari mmoja. Utafutaji ulikamata ile rasimu nzito tu, lakini nilipoweka alama na kufuta, mazungumzo yote yakaenda. Maoni ya kurasa sita, kilobaiti chache, yalitupwa pamoja na picha za maabara.

Nilirudi ofisini bila kiburi chochote. Yule kaka akauliza swali moja: "Umelimwaga lini?" Nikasema jana. Akatikisa kichwa, lakini kwa namna ya kunipa moyo. Kumbe baada ya pipa kumwagwa bado msimamizi wa mfumo ana siku 25 za kurudisha vilivyofutwa. Mtumiaji hawezi, yeye anaweza. Ila hawezi kuchagua barua moja moja. Anataja kuanzia tarehe fulani hadi fulani, na kilichofutwa katika kipindi hicho kinarudi chote. Akaweka tarehe ya jana. Baada ya muda nikaona nukta zangu zinarejea, moja baada ya nyingine, 131, na sanduku likakaribia kujaa tena. Maoni ya sura ya pili yalikuwa katikati yao. Nilicheka peke yangu, lakini sikuwa na furaha.

Safari ya pili nilienda taratibu. Kwanza kwenye mipangilio nikazima ile namna ya kuzifunga barua pamoja, ili kila barua isimame yenyewe. Kisha nikapakua kila rasimu kwenye diski ya nje, nikakuta kwamba rasimu tisa tu ndizo zenye tofauti ya maana, nyingine zimepishana sentensi mbili tatu. Ndipo nikafuta, na pipa nikaliacha siku tatu kabla ya kulimwaga. Upande wa mafaili haukuwa na kazi: video nne za mihadhara ambazo sikuwahi kuzitazama hata mara moja. Tahadhari tu kwamba kipimo cha nafasi hakishuki papo hapo, huweza kuchukua hata siku nzima, na mtu mwenye haraka anaweza kufuta asichopaswa kwa kudhani kufuta kwa mwanzo hakukukubali.

Tasnifu nikaikabidhi. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya chuo: akaunti za wahitimu zitafungwa baada ya miezi sita.

Hapa ndipo wenzangu wengi waliposhughulika na barua na kusahau funguo. Barua zina dawa. Google wana huduma ya Takeout inayokupa barua zako zote katika faili moja la mbox, nawe unaweza kulifungua kwa programu kama Thunderbird hata bila intaneti. Na kwa akaunti za shule na vyuo wana njia ya kuhamisha barua na mafaili moja kwa moja kwenda akaunti binafsi, ikiwa chuo hakijaifunga njia hiyo. Mimi nilitumia zote mbili, kwa woga. Akaunti binafsi ina gigabaiti 15 za bure, na baada ya ule usafi mzigo wangu ulikuwa mdogo.

Funguo ni jambo jingine. Miaka minne anwani ya chuo nilikuwa nimeitumia kujiandikisha kila mahali, na mahali hapo pote, siku ukisahau nywila, kiungo cha kuibadilisha kinatumwa kwenye anwani ile ile. Ikifungwa, umefungiwa nje ya vyote. Nilizitafuta kwa kuandika kwenye sanduku maneno yanayopatikana katika barua za kujiunga, "thibitisha" na "karibu", kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilidhani zitakuwa kumi. Zilikuwa 37. ORCID, ile namba ya tarakimu 16 ya watafiti, ilikuwa rahisi kwa sababu inaruhusu kuweka anwani zaidi ya moja. Mfumo wa jarida nililopeleka makala ulikuwa mgumu kupita yote: ulitaka nithibitishe mabadiliko kwa anwani ya zamani kwanza, ndipo ukubali mpya. Kama ningesubiri hadi akaunti ifungwe, ningekwama.

Katikati ya kazi hiyo simu yangu ikazima, haikuwaka tena, na simu ndiyo iliyokuwa ikinipa namba za kuingilia. Siku ile nilishukuru kitu kimoja nilichokifanya mwaka wa pili bila kufikiri: zile namba 10 za akiba ambazo Google hukupa za kuingilia usipokuwa na simu, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja tu, nilizinakili nyuma ya daftari la takwimu. Daftari nilikuwa karibu kulitupa. Nilitumia mbili, zikanitosha hadi nikaweka simu mpya.

Siku ya kufungwa nikajituma barua kutoka anwani mpya kwenda ya zamani, kujaribu tu. Mada: nukta. Ikarudi muda si mrefu, na safari hii namba ilikuwa 5.1.1.

Jioni ya siku hiyo hiyo WhatsApp ikalia. Daktari, na picha ya skrini. "Nimekutumia barua ya mapendekezo, imerudi tena. Umeijaza tena?" Anwani mpya nilikuwa nimempa tangu miezi mitatu nyuma na akaitumia mara kadhaa, lakini kompyuta yake kila akiandika herufi mbili za jina langu ilimletea ya zamani kwanza. Nikampigia, nikamwelekeza namna ya kuifuta kwenye orodha ile. Tukasubiri pamoja kwenye simu hadi ya mpya ikajitokeza, akatuma.