Waulizeni Wanaopita Kabla Hamjachora

Jumapili jioni Kampala, ukitaka kukaa chini ya mti na watoto bila kununua soda ya mtu, itabidi uzunguke. Mimi ni wa Dar es Salaam, nimeolewa huku, tunaishi upande wa Kansanga, na wanangu Kiganda kimewakaa mdomoni kuliko Kiswahili. Jiji hili nimelipenda tangu mwanzo: vilima vyake, mvua yake, salamu zake ndefu zisizojali haraka ya mtu. Ndiyo maana hili la bustani na njia za miguu linaniuma. Naliandika kwa ajili yetu wageni wa Kampala, Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi, ambao mara nyingi tunajiambia kwamba mambo ya jiji yana wenyewe.

Ukisimama juu ya Muyenga ukatazama bondeni utasema huu mji mzima ni bustani. Miti imefunika mapaa. Ukishuka ndipo unagundua kwamba karibu kijani chote kimefungiwa: kiko nyuma ya ukuta wa nyumba, ndani ya ua wa hoteli, kwenye klabu ya gofu iliyolala katika bonde la Kitante kati ya Nakasero na Kololo. Mambo haya yana historia. Wakati wa Waingereza makazi yalipangwa kwa rangi za watu, Wazungu juu vilimani, Wahindi karibu na maduka yao, Waafrika pembeni, na maeneo ya wazi yakasaidia kuwatenga. Mwaka 1947 ulitoka mpango wa kupanua mji kuelekea Kololo na Naguru, kazi ya Ernst May, msanifu kutoka Ujerumani. Naguru ikawa ya Waafrika. Mpango ulikuwa na ustadi wake, siukatai, ila ulikuwa mpango wa kuwapangia watu, na tabia hiyo haikuondoka na bendera ya Mwingereza.

Bustani chache zilizobaki nazo zimepata misukosuko. Uwanja wa Katiba, katikati kabisa ya mji, kwa miaka mingi baada ya maandamano ya 2011 ulikuwa ukilindwa na polisi, mwananchi wa kawaida haendi kuketi pale na gazeti lake. Centenary Park kando ya barabara ya Jinja ilikodishwa, ikajaa baa na migahawa, mwekezaji na mamlaka ya jiji wakavutana kwa miaka, kisha ujenzi wa barabara za juu ukamega sehemu yake. Aliyehamia Kampala juzi hawezi hata kuamini kwamba pale palikuwa pa umma. Na sensa ya 2024 imehesabu watu wapatao milioni 1.8 wanaolala ndani ya jiji, achilia mbali wanaoingia asubuhi kutoka wilaya jirani za Wakiso na Mukono.

Kwenye karatasi, sheria iko upande wetu. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema maziwa ya asili, mito, vinamasi, misitu ya hifadhi na ardhi nyingine iliyotengwa kwa ajili ya mazingira na utalii vinashikiliwa na serikali kuu au serikali ya eneo kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, ikaweka kamati za mipango katika ngazi mbalimbali, na ikataka rasimu za mipango ziwekwe hadharani watu wazione na watoe pingamizi. Ni sheria nzuri. Lakini rasimu ikishafika hadharani, mistari imeshachorwa, mshauri ameshalipwa, na mkubwa ameshaisifu. Mwananchi anayesimama wakati huo anaonekana mpinga maendeleo. Ninachokitaka mimi ni watu waulizwe mapema zaidi, karatasi ikiwa bado nyeupe, na waulizwe pale wanapopita.

Kwa sababu njia zipo tayari. Hili ndilo ambalo wataalamu wengi hawalioni, labda kwa kuwa wanafika kwa gari. Kampala watu wengi mno wanakwenda kazini kwa miguu. Nenda Namuwongo alfajiri uone reli: watu wamepangana juu ya mataruma kuelekea maeneo ya viwanda na mjini, akina mama na mabeseni, vijana na viatu vya kazi mkononi ili visichafuke. Hakuna aliyewachorea njia ile. Waliichagua kwa sababu ni fupi, haipandi mlima na haina nauli. Kila bonde la jiji hili lina vijia vya namna hiyo, vinapita nyuma ya nyumba, kando ya mfereji, juu ya ubao uliotupwa kwenye maji. Ukitaka kujua njia ya miguu ijengwe wapi, kaa hapo kwa wiki moja, asubuhi, mchana na jioni, uhesabu wanaopita, uwaulize wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Ramani yako imekamilika nusu bila kushika kalamu.

Nimeona jambo hili likifanyika nyumbani. Dar es Salaam, kwenye urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua rasmi mitaa iliyojengwa bila mpango, wapimaji hawawezi kupitisha njia mpaka majirani wakubaliane nani anatoa mita moja, nani anasogeza choo, nani anakata mwembe. Mwenyekiti wa mtaa anaitisha mkutano, watu wanagombana, wanarudi tena, mwisho chokaa inamwagwa chini na kila mtu anaona mstari unapita wapi kwenye uwanja wake. Ni kazi ya kuchosha. Inachukua miezi. Wako wanaogoma mpaka dakika ya mwisho, na wako wanaorudisha ukuta usiku. Hata hivyo njia nilizoziona zikipatikana kwa makubaliano zimedumu, kwa sababu anayetaka kuiziba anakutana na jirani aliyetoa mita yake mwenyewe.

Huku jambo lina uzito wake wa pekee, nalo ni ardhi. Buganda kuna ardhi ya mailo, ya mtu kumiliki moja kwa moja kwa hati, iliyoanza na mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, na juu ya ardhi hiyohiyo kuna wenye vibanja, ambao hawana hati lakini wameishi hapo, wamezika hapo, na sheria inawatambua. Ukitaka kupitisha njia ya miguu bondeni, ukamfuata mwenye hati peke yake, umemsahau anayeishi pale. Ukimfuata wa kibanja peke yake, mwenye hati atakupeleka mahakamani. Lazima wote wawili wakae kwenye benchi moja, na hilo linahitaji mtu anayeaminika na pande zote. Kwa uzoefu wangu mtu huyo huwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, yule anayemjua kila mpangaji na kila ugomvi wa mpaka.

Zoni yetu iliwahi kuitiwa kikao kuhusu njia ya kando ya mfereji. Kiliwekwa katikati ya wiki, asubuhi, saa ambazo mwanamke mwenye genge yuko kwenye genge lake na fundi yuko juu ya paa la mtu. Waliofika wengi walikuwa wazee wenye nyumba na vijana wa stejini ya bodaboda. Mchoro ulikuwa mzuri sana, maandishi yote ya Kiingereza, mazungumzo ya Kiganda. Pembeni yangu alikaa jirani yangu Mkongomani anayeuza vitenge, nikawa namtafsiria kwa sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigusa mkono: "Yaya" (kwao ni dada), "kule maji inaingiaka kwanza." Yeye hupita mfereji ule kila siku giza halijaisha. Upande uliochorwa njia ndio unaozama mvua ikinyesha nusu saa tu. Upande wa pili unabaki mkavu.

Nikanyoosha mkono, nikalisema kwa Kiganda changu cha kuvunjavunja. Mtaalamu alisema vipimo vimeshafanyika. Mwenyekiti, mzee mtulivu, akamjibu, "Ssebo", yaani bwana, "twende tukaone." Jumamosi iliyofuata tulishuka kundi zima, watoto wakatangulia, maana wao ndio wanaojua kila jiwe. Alama za maji zilikuwa bado ukutani, juu ya magoti ya mtu mzima. Mstari ukahamia ng'ambo. Njia yenyewe haijajengwa mpaka leo, fedha hazijapatikana, lakini siku zikipatikana haitajengwa ndani ya maji.

Nawaza sana kuhusu yule jirani. Kama nisingekaa pembeni yake, maarifa yake yangerudi naye nyumbani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Basi kikao cha mtaa wenye Wakongomani na Warundi tele kishindwe vipi kuwa na mtu mmoja wa kutafsiri? Hao ni wapangaji, wengine ni wakimbizi, hawana ardhi wala kura, lakini wanatembea njia zilezile na watoto wao wanatafuta mahali palepale pa kucheza. Anayeishi mahali ana jambo la kusema juu ya mahali hapo. Sheria ya serikali za mitaa yenyewe inasema baraza la kijiji ni wakazi waliotimiza miaka 18.

Wengine wanaosahaulika nawaona kila siku. Mwanamke anayerudi saa mbili usiku atakuambia taa iwekwe wapi na kichaka kipi kipunguzwe. Anayetembelea magongo atakuambia kwamba ngazi tatu nzuri za mawe zimemfungia bustani yote. Muuza mahindi ya kuchoma, anayefukuzwa kila bustani inapozinduliwa, ndiye anayekaa hapo tangu asubuhi na kumjua mwizi kwa sura. Mpeni nafasi yake kwenye mchoro, atailinda. Na watoto! Watoto hawaulizwi kamwe, wakati bustani nusu ni yao.

Najua kuna watakaosema wananchi wenyewe ndio wanaojenga vinamasini. Ni kweli, wapo, na kinamasi si mahali pa nyumba. Kinamasi cha Nakivubo huchuja uchafu wa jiji kabla maji hayajaingia ghuba ya Ziwa Victoria, na ni huko upande wa Ggaba ndiko yanakotekwa maji tunayokunywa. Kikifa, tumekwisha. Lakini angalieni kinamasi cha Lubigi, mwaka 2024: nyumba zilibomolewa, familia zikabaki na magodoro juani. Watu wale walijenga kwa miaka, mbele ya macho ya kila ofisi. Kama mapema kungekuwa na njia ya wazi ukingoni mwa kinamasi, na viwanja vya mpira, na majirani waliokaa wakakubaliana mwisho wa nyumba ni hapa, ingekuwa vigumu kwa mtu kumwaga kifusi usiku bila kuonekana. Watu wa Uganda hulinda wanachokiona ni chao. Mwaka 2007, serikali ilipotaka kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa, watu waliingia barabarani, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasimamishwa. Watu wasilazimike kufa ili wasikilizwe kuhusu miti.

Mjini kuna jaribio ninalolipenda: sehemu ya barabara ya Namirembe na mtaa wa Luwum zilitengewa waenda kwa miguu na baiskeli. Mara ya kwanza kupita pale na mtoto mkononi bila kuvuta mabega kwa hofu ya taksi, nilifurahi mno. Bodaboda bado wanapenya, na hili linanirudisha palepale: vijana wa boda wakihusishwa tangu mwanzo, wakaoneshwa wapi watapakia abiria, wana sababu ya kuheshimu mpaka.

Waganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote, tunafagia na kuzibua mitaro. Naishiriki kwa moyo. Ila inanikera kwamba tunaitwa kusafisha na hatuitwi kuchora. Mikono ileile inayozibua mtaro inajua unajaa kutoka wapi.

Ndugu msomaji uliye Kampala, au Jinja, au Mbarara, nenda kwa mwenyekiti wako wa LC1 umuulize kuna mpango gani wa eneo lenu la wazi. Omba kuuona mchoro. Ukiwa mgeni, nenda na jirani mwenyeji, hutafukuzwa. Sisi kikao kijacho nimeomba kiwe Jumapili, makanisa yakishatoka na kabla ya alasiri, ili Wakristo na Waislamu wafike wote, kifanyikie kandokando ya mfereji wenyewe, na jirani yangu wa vitenge azungumze Kiswahili chake, mimi nitatafsiri. Mwenyekiti amekubali. Anayeishi upande wa Kansanga na aje, na watoto awalete.