Ukitaka kuchora mmea wa sayari nyingine, anzia kwenye mwani

Picha za mimea ya sayari nyingine zinazozunguka mitandaoni zimenichosha. Karibu zote ni miti. Kuna shina, kuna matawi, kuna majani. Mchoraji kaupaka zambarau, kautundika vitaa vya buluu, basi kamaliza. Huo ni mwembe uliopelekwa harusini.

Mimi nafundisha biolojia katika skuli ya sekondari huku kusini Unguja, na mama yangu ni mkulima wa mwani. Labda ndiyo maana naona mti si pa kuanzia. Hata hapa kwetu miti imechelewa kuja. Bahari ilikuwa na viumbe vinavyoishi kwa mwanga zamani sana kabla nchi kavu haijaota hata nyasi.

Tuanze na rangi, maana ndiyo wanayoiuliza wote. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani inayokamata mwanga, inapenda mwanga mwekundu na wa buluu. Wa kijani haiushughulikii sana, kwa hiyo sehemu yake inarudi na kutufikia machoni. Mwaka 2007 Nancy Kiang wa NASA na wenzake walichapisha kazi iliyoliangalia jambo hili kwa upande wa jua: mwanga ukishapita hewani na kufika chini, chembe zake zilizo nyingi ni za upande wa wekundu, na za buluu ni chache lakini kila moja ina nguvu zaidi. Mmea unavuna wingi huku na nguvu kule. Badilisha jua, na mavuno yanabadilika.

Na majua yaliyo mengi si kama letu. Kiasi cha robo tatu ya nyota za galaksi yetu ni nyota vibete nyekundu, ndogo na za baridi. Iliyo karibu nasi kuliko zote, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, na mwaka 2016 iligunduliwa sayari inayoizunguka kwa siku 11 tu. Nikiwaambia wanafunzi kwamba jua la huko ni jekundu, darasa zima linajibu: basi na mimea itakuwa mekundu! Hapana. Kitu chekundu ni kile kinachoutupa mwanga mwekundu, na mmea wa huko ukiutupa huo utakula nini? Utameza kila mwanga tunaouona sisi, kisha ubakie unatafuta na ule wa infraredi tusiouona. Kwa macho yetu utakuwa mweusi, au karibu na mweusi.

Nilimweleza Mama haya siku moja anaanika.

"Mweusi?" akasema. "Huo hanunui mtu, mwanangu."

Sasa njoo bamvua, maji yakishatoka, tutembee kwenye mashamba. Kamba moja, vigingi viwili, lakini mwani uliofungwa hapo una rangi zake: huu kahawia, huu kijani kilichofifia, ule pale mwekundu wa kuiva. Wote kwa ukoo ni mwani mwekundu, hata ule unaoonekana kijani. Chukua kishada cha ule uliokolea, kakitie kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Wekundu unaondoka mbele ya macho yako na kijani kinatokeza. Hakikuja kutoka nje, kilikuwamo. Wekundu ule ni wa kitu kinachoitwa fikoeritrini, ambacho hukamata mwanga wa kijani unaoipita klorofili, kikaipelekea klorofili nguvu yake. Joto linakiharibu, klorofili inabaki peke yake. Wanafunzi wangu hupiga kelele kila nikifanya hivi, na mimi siwanyamazishi.

Kwa nini ujisumbue na rangi ya pili? Kwa sababu bahari inaumeza mwanga mwekundu mapema. Kadiri unavyozama unabakiwa na kijani na buluu, na mwenye chombo cha kukamata hivyo ndiye anayeishi. Mwaka 1985 watafiti waliripoti mwani mwekundu wa aina ya ukoko mgumu uliokuwa hai mita 268 chini ya bahari ya Bahamas, mahali ambapo mwanga haufiki hata sehemu moja ya elfu ya asilimia moja ya ule wa juu. Huyo ndiye jamaa ninayetaka mchoraji amfikirie, si mwembe.

Maana nyota kama Proxima zina hasira. Zinalipuka mara kwa mara na kumwaga mionzi mikali juu ya sayari zilizo karibu nazo. Nchi kavu hapo si pa kuchezea, na maji yangekuwa ngao nzuri. Lakini hapa ndipo napopapenda: maji yale yale yanayokinga mionzi ndiyo yanayokula infraredi, na mita moja tu ya maji inatosha kuumeza mwingi wake. Mmea ukizama sana unakufa njaa, ukipanda sana unaungua. Kwa hiyo mimi nauona mmea wa huko ukiwa ukanda mwembamba, mweusi, uliolala chini kwenye maji ya kina cha kubania hivi, si juu si chini.

Na chakula cha infraredi si ndoto. Mwaka 2010 ilitangazwa klorofili mpya, klorofili f, kutoka kwenye miamba hai, inayojengwa na vijidudu, ya Shark Bay, magharibi mwa Australia. Inafyonza mwanga uliovuka kidogo mpaka wa wekundu tunaouona. Ikiwa hapa duniani, penye jua la kutosha, kuna vijidudu vilivyoona haja ya kuokota makombo hayo, huko ambako ndiyo mlo wenyewe itakuwaje?

Kuna jambo jingine ambalo wachoraji hawaligusi kabisa. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake yaelekea imefungika, upande mmoja mchana milele na mwingine usiku milele. Jua halichomozi, halituwi, limeganda pale pale angani. Fikiria kivuli cha jabali. Hapa kwetu kivuli kinatembea, na kila upande unapata saa zake. Kule kikianguka mahali kimeanguka. Nyuma ya kila mwamba patakuwa na alama tupu isiyoota kitu, yenye umbo la mwamba huo, na alama zote zimeelekea upande mmoja. Ningepewa brashi ningechora hizo kabla ya jani lolote.

Simcheki aliyejaribu zamani. Gavriil Tikhov, mwanaastronomia wa Kisovieti, alianzisha huko Alma-Ata, Kazakhstan, mwaka 1947 idara aliyoiita ya astrobotania, yaani elimu ya mimea ya sayari nyingine. Aliamini Mirihi ina mimea, na kwamba rangi yake ni ya kuelekea buluu kwa sababu baridi inailazimisha ifyonze mwanga mwekundu zaidi. Alipima mimea ya milimani na ya nchi za barafu ili apate jibu. Alifariki mwaka 1960, na mwaka 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita Mirihi na kuleta picha za mashimo na vumbi. Mimea hakuna. Lakini njia yake mimi naikubali: kaulize viumbe wa hapa wanaoishi kwa shida, ndipo uende angani.

Muhula huu niliwapa Kidato cha Pili wachore mmea wa sayari ya nyota nyekundu na waandike sababu pembeni. Nilipata miti mingi, nikaipa alama chache. Msichana mmoja wa nyuma, asiyesema kitu darasani, kachora ukanda mweusi chini ya maji, kisha upande wa usiku kachora viuyoga vyeupe na mshale wa upepo. Nikamwita, nikamuuliza vinakula nini gizani. Akanijibu: upepo unavileteeni vilivyokufa kutoka mchana, Ticha. Nikamrekebishia "unavileteeni", nikampa alama zote.