Kiatu cha baba, Mei 2011

Tarehe 21 Mei 2011 ilikuwa Jumamosi, naikumbuka vizuri. Kuna mhubiri mmoja wa redio kule Marekani alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo ndo Yesu anarudi, saa 12 jioni, kila nchi kwa saa zake, na habari ikasambaa mpaka ikamfikia mama. Mi nilikasirika sana. Nikamfungulia Mathayo 24:36, siku ile na saa ile hakuna anayeijua, hata malaika, hata Mwana, ni Baba peke yake, nikamweleza na habari za wafuasi wa William Miller, mhubiri mwingine wa Marekani, waliomngoja Yesu arudi tarehe 22 Oktoba 1844 wakaishia kulia usiku kucha. Aliniacha nimalize, halafu akasema mwanangu hayo yote nayajua, we nipeleke tu kwa baba yako.

Kwa baba maana yake makaburini. Ilikuwa inaenda mwaka wa pili toka afariki, kisukari, na mwaka wake wa mwisho alikatwa mguu wa kushoto.

Tulifika kama saa 11 hivi, mama akakaa pembeni ya kaburi akaanza kung'oa majani, nikadhani anasali, kumbe anawaza. "Hivi atatoka na mguu wake?"

Andiko aliloshika toka siku ya mazishi ni 1 Wathesalonike 4:16, waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza, kwa hiyo kwake yeye kama ni leo basi baba anatoka kabla walio hai hawajanyakuliwa, na alitaka awepo. Yaani alikuja kumpokea mumewe. Hasira zangu zote zikaniishia pale pale.

Nikamsomea 1 Wakorintho 15, pale Paulo anapoufananisha mwili na mbegu, unapandwa katika udhaifu unafufuliwa katika nguvu, na kinachoota hakifanani na kilichofukiwa. Akasema sawa, lakini Yesu mwenyewe si alifufuka na alama za misumari, Tomaso akaambiwa aguse? Kwa hiyo makovu yanabaki? Sikuwahi kuulizwa swali zito kama hilo kanisani. Nikamwambia zile alama hazikumuuma tena mama, alitembea na wale wawili njia nzima ya Emau, akala samaki mbele ya wanafunzi, alikuwa mzima kabisa. Naliamini hilo kwa moyo wangu wote. Akatulia kidogo, halafu kwa sauti ya chini, "Na ule mguu sijui waliupeleka wapi." Nikasema aliyemuumba mtu kwa mavumbi hawezi kushindwa kuupata.

Saa 12 ikafika. Hakuna tetemeko, hakuna parapanda, ndege tu kwenye miti. Mi namwangalia yeye, naogopa asije akavunjika moyo. Ikapita na robo, ikapita na nusu, giza likaanza kuingia, ndo akafungua mkoba wake akatoa kiatu kimoja cha baba, cha kushoto, kile ambacho toka operesheni hakukivaa tena, kimepigwa rangi mpaka kinang'aa. Akakifuta vumbi kwa kiganja, akakirudisha, akafunga zipu.

"Twende mwanangu, kesho tuna ibada."

Tulipofika nyumbani hakukirudisha kabatini. Alikiweka mlangoni, karibu na vyake.