Upande Mmoja wa Mgongo

Nilikuwa na umri wa miaka 41 maumivu yale yaliponianza, nami kwa siku tatu nzima niliyahesabu kuwa ni ya msuli. Siku moja kabla yake nilikuwa nimenyanyua masanduku mazito ya vitabu, kwa hiyo sababu nilikuwa nayo tayari. Paliuma chini ya bega la kulia, pakiwaka kama pamepitiwa na pasi, na hata kuguswa na nguo kulitosha kunishtua. Hilo peke yake lingepaswa kunitia shaka, kwa maana msuli uliochoka hauchukizwi na nguo.

Kila usiku nilijipaka dawa ya kuchua. Asubuhi ya siku ya nne vidole vyangu vilikuta vipele, nikaamua papo hapo kwamba dawa ile imeniunguza. Mgongo wangu sikuweza kuuona. Niliupima kwa ncha za vidole, na vidole havijui kutofautisha harara na malengelenge. Niliacha kuchua, nikatafuta krimu ya muwasho iliyobaki kwenye droo, ambayo sikukumbuka hata iliandikwa kwa ajili ya nani, nikaipaka nilipoweza kufika.

Jioni ya siku iliyofuata dada yangu mkubwa alinikuta nimekaa bila kuegemea kiti, akanitaka nimwonyeshe. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mdogo wangu, mbona viko upande mmoja tu?" Akanieleza alichokiona: malengelenge madogo yaliyojikusanya mafungu mafungu juu ya ngozi iliyoiva, yakianzia karibu na uti wa mgongo na kupita chini ya kwapa kuelekea kwenye titi, bila hata moja kuvuka kwenda kushoto. Alisema ni mkanda wa jeshi, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba amesikia ncha za mkanda huo zikikutana mgonjwa hufa. Usiku ule sikulala, na sidhani kama ni maumivu pekee yaliyoninyima usingizi.

Asubuhi tulikwenda kliniki. Daktari, mama wa makamo asiye na haraka, hakuhitaji kipimo chochote kuutambua ugonjwa. Swali lake la kwanza halikuhusu maumivu yalianza lini, bali kipele cha kwanza kilitokea lini. Nilipohesabu nikapata saa 48 hivi, naye akasema nimewahi, kwa kuwa dawa za kupambana na virusi hivyo hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Aliniandikia vidonge vya asiklovia vya miligramu 800, mara tano kwa siku, kwa siku 7. Krimu yangu ya droo aliipiga marufuku.

Dada ndiye aliyeuliza habari ya ncha kukutana. Daktari alitueleza kwamba virusi vya tetekuwanga, niliyougua nikiwa mtoto, havikuwahi kuondoka mwilini. Vilijificha kwenye mizizi ya neva kando ya uti wa mgongo, na sasa vilikuwa vimeamka na kuifuata neva moja hadi kwenye ngozi. Kila neva huhudumia upande wake, ndiyo maana vipele husimama katikati ya mgongo, na ndiyo maana maumivu hutangulia kabla ngozi haijaonyesha chochote. Habari ya kifo haina msingi. Hata hivyo, vipele vikitapakaa mwili mzima, au vikitokea usoni karibu na jicho, au homa kali ikipanda, nisingoje kupambazuke.

Kisha akaniuliza kama nimepima VVU karibuni. Alieleza kwamba mtu yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata mkanda wa jeshi, ila kinga ikidhoofika huamka kwa urahisi zaidi, na ni afadhali kujua. Nilikubali, ingawa dakika za kusubiri majibu ziliniwakia kuliko mgongo. Sikuwa navyo.

Nilitakiwa kufunika vidonda mpaka vikauke, na kukaa mbali na wajawazito na watoto wachanga, kwa sababu majimaji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu asiyewahi kuiugua. Binti wa dada alikuwa na mimba ya miezi sita. Tulisalimiana kwa simu tu.

Magamba yalikauka baada ya siku kumi hivi. Maumivu yalibaki karibu miezi miwili, yakija hasa usiku, na daktari aliniongezea dawa ya kutuliza neva. Dada alinipiga picha ya mgongo kwa simu yake nilipokaribia kupona, nikauona mstari kwa mara ya kwanza: madoa meusi yaliyokatika ghafla kwenye uti, kana kwamba mtu ameyachora kwa rula.