Tulivyorekebisha simu za video za mama

Kila nikisikia mtambo mpya wa kuonana kwa mbali, najiuliza utamfaa nini mtu anayenunua bando la wiki. Mwaka 2010 Cisco walileta Umi, kifaa cha kufunga kwenye televisheni ya sebuleni, kwa dola 599 na karibu dola 25 kila mwezi. Miaka miwili haikuisha, kikaondolewa sokoni. Mwaka 2025 HP wakatoa Dimension, mtambo wa simu za video wenye teknolojia ya Google ya kumwonyesha mtu kana kwamba amekaa mbele yako. Bei: dola 24,999. Ni kazi kubwa, siibezi. Ila mama yuko Lushoto, mimi Dar es Salaam, kaka Uingereza, na shida yetu ilikuwa nyingine kabisa.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona umeganda?”

Hapo mvua inapiga bati, sauti inakatika, na uso wake hauonekani kwa kuwa ameligeuzia dirisha mgongo.

Nilipokwenda likizo tulikaa tukarekebisha. Kiti tulikigeuza aelekee dirishani. Simu tukaiegemeza kwenye chupa ya chai, maana akiishika mkononi tunaona paji la uso na dari tu. Nikamnunulia hedifoni za waya zenye maiki inayokaa karibu na mdomo. Mvua ikinyesha sasa, maneno yake tunayapata. Kwenye mipangilio ya WhatsApp nikawasha sehemu ya kupunguza matumizi ya data wakati wa simu. Picha ilififia kidogo, sauti ikatulia. Mtandao ukigoma, tunazima kamera na mazungumzo yanaendelea.

Na picha hiyo hiyo iliyofifia inatosha. Majuzi duka la dawa lilimpa dawa ya presha yenye boksi jipya, akaogopa kuimeza. Akalisogeza mbele ya kamera, tukasoma: jina la dawa na miligramu ni zile zile, kilichobadilika ni kiwanda.

Utaalamu wa hali ya juu uliotufikia sisi uko kwenye sauti. Opus, mfumo wa kubana sauti uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012, unaweza kupitisha maneno kwa kilobiti 6 tu kwa sekunde, na WhatsApp imekuwa ikiutumia. Watengenezaji wangeendelea kukazana hapo hapo: wachuje kelele za mvua hata kwenye simu za bei ya chini, na simu isikatike mtandao unapoyumba. Kwa hilo mimi ningelipa.